Mitetea Walipozidi Mezani

Saa moja kamili asubuhi, Mama Bawa amekwisha kunawa mikono mara mbili, amevaa koti jeupe, kofia ya nailoni na mabuti ya mpira, na amekaa kwenye stuli yake mbele ya meza ya bati. Mbele yake kuna trei ya vifaranga mia moja walioanguliwa jana. Kelele zao zimejaa chumba kizima, ila yeye, kwa mazoea, hazisikii tena.

Anamchukua mmoja kwa mkono wa kushoto. Kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kidole kilichopinda kama ndoana tangu alipozaliwa, analifungua bawa. Anatazama. Kushoto. Anamchukua mwingine. Kulia. Kila kifaranga sekunde tatu, na ukimsemesha katikati hakujibu mpaka trei iishe.

Nyuma yake mashine moja ya kutotolesha inanguruma. Ya pili imezimwa, na juu yake mtu ameanika taulo.

Kazi yake ni kutenganisha mitetea, vifaranga wa kike, na mapora, wale wa kiume. Wanaonunua vifaranga hapa ni wafugaji wa kuku wa mayai, na mfugaji wa mayai hana haja na jogoo. Kwa aina ya kuku wanaototoleshwa kiwandani hapa, mtetea wa siku moja ana manyoya makubwa ya bawa yaliyoyapita kwa urefu manyoya madogo yanayoyafunika kwa juu. Ya pora yote yako sawa, kama yaliyokatwa kwa mkasi. Tofauti hiyo huonekana siku ya kwanza tu. Ukichelewa, umebaki kupiga ramli.

“Watu wanadhani naangalia chini,” anasema, akimaanisha sehemu za siri. “Hao wapo, ni mafundi wa kweli. Mimi nasoma bawa tu.”

Ana miaka arobaini na saba, na kumi na sita kati ya hiyo ameimaliza kwenye stuli hii. Kiwanda kikiwa kizima, vifaranga elfu nne hupita mikononi mwake kila wiki. Tukipiga hesabu pamoja tunakuta amekwisha kufungua mabawa zaidi ya milioni tatu. Anaitazama hesabu hiyo, anatikisa kichwa, kisha anasema si ajabu mgongo unamuuma.

Hulipwa kwa kila mia anayoichambua. Mume alikwenda zake watoto wakiwa wadogo, na kwa mia hizo hizo amelipa kodi ya vyumba viwili, amemsomesha binti wa kwanza mpaka akaolewa, na sasa anamsomesha wa pili, kitindamimba wake, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari. Hana shamba, hana duka. Ana jicho na kidole.

Ndiyo maana barua ya onyo ilipomfikia mwaka huu, anasema, alikaa juu ya kreti la mayai na kuyapasua matatu.

Barua ilikuja kwa sababu ya muuguzi mmoja mstaafu. Mama huyo alinunua mitetea mia tatu, akawalea kama wanawe, akawapa chanjo kwa mkono wake mwenyewe. Wiki ya saba banda likaanza kuwika. Alipowahesabu, majogoo walikuwa hamsini. Alipanda gari mpaka kiwandani na boksi la vifaranga alilolitunza, lenye mhuri wa namba ya mchambuzi. Namba ilikuwa ya Mama Bawa. Kabla mwezi haujaisha, wateja wengine wawili wakaleta malalamiko yale yale.

Meneja, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, hakumpigia kelele. Alimwambia kwa upole kwamba macho huchoka, na kwamba lalamiko la nne likija atalazimika kutafuta mtu mwingine. Upole ule, anasema Mama Bawa, ulimuuma kuliko matusi.

“Akikutukana, unajitetea. Akikuonea huruma, utamjibu nini?”

Alikwenda kupimwa macho. Akaambiwa hayana kitu.

Hapo ndipo alipolifungua daftari lake. Tangu siku ya kwanza ya kazi huandika kila trei: mitetea wangapi, mapora wangapi. Hakuna aliyemwagiza. Kwa miaka yote hiyo mizani ilikuwa ile ile, hamsini kwa hamsini, leo mmoja kapungua huku, kesho kazidi kule. Lakini kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya malalamiko, daftari lilisema sitini kwa arobaini. Mitetea walikuwa wamezidi.

Na yeye alikuwa ameliona jambo hilo tangu wiki ya kwanza. Hapa anajifuta kwenye koti mikono ambayo haina haja ya kufutwa.

“Nililiona nikanyamaza,” anasema. “Mtetea ana bei, pora hana. Meneja anafurahi, wauzaji wanafurahi. Nikasema Mungu ametujalia, mimi ni nani nimkatalie? Huo ndio uongo niliojidanganya.”

Sasa alitaka kujua miezi hiyo mitatu ilianza na nini. Ikawa kazi, maana kiwanda kina sheria moja isiyovunjwa: mtu wa chumba cha vifaranga hakanyagi mabanda ya kuku wazazi, na mtu wa mabanda hakanyagi chumba cha vifaranga, wasije wakapelekeana magonjwa. Kati yao kuna uzio wa waya na karo la dawa ya kuulia vijidudu. Kwa miaka kumi na sita Mama Bawa amewafungua mabawa watoto ambao wazazi wao hajawahi kuwaona hata siku moja.

Mlezi wa kuku wazazi kwenye banda la pili anaitwa Shemeji. Dada yake ameolewa na mlinzi wa getini. Mlinzi alimwita shemeji, na kiwanda kizima kikafuata, wake kwa waume. Ni mtu wa utani, mwenye mikono mizuri kwa mifugo, na hakuna kuku anayekufa bandani mwake asimwonee uchungu. Mama Bawa alimngoja kwenye uzio saa ya chai, akamuuliza kama katika msimu wa joto, daftari lilipoanza kuyumba, aliongeza kuku wowote.

Shemeji akasema kwa fahari kwamba ndiyo. Mafeni yaliharibika siku mbili na makoo mia mbili, kuku majike wanaotaga, kati ya mia tano, wakafa. Kiwanda kinachouza kuku wazazi kilisema wengine wangechukua miezi. Naye alikuwa na mitetea mia mbili nyumbani kwake, waliokuwa wanakaribia kutaga, aliowalea tangu wakiwa vifaranga wa kiwanda hiki hiki. Akawauza kwa meneja, meneja akasaini, pengo likajaa.

“Si kuku wa kuokota, dada,” alimwambia. “Ni mabinti zao wenyewe. Damu ile ile, weupe ule ule. Ungewaweka na mama zao usingejua mama ni yupi, mwana ni yupi.”

Mama Bawa alirudi mezani. Anakiri kuwa hakuelewa kitu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na binti wa koo mzuri atakuwa koo mzuri. Kosa liko wapi? Lakini neno “mabinti” lilimkaa kichwani, na daktari wa mifugo alipokuja kwa ukaguzi wake wa mwezi, akamweleza.

Daktari huyo, mwanamke kijana anayependa kuchora akizungumza, alichana kifuniko cha boksi akachora. Mtoto, alisema, hapewi mzazi mzima mzima. Hupewa maagizo, mengine ya mama, mengine ya baba, na maagizo hayo ndiyo jeni. Jeni nyingi huja mbili mbili, moja ya kila mzazi. Ila hii inayoamua kasi ya manyoya kuota imekaa mahali pa pekee: binti wa kuku huipata kwa baba tu. Mama huipitisha kwa mwana wa kiume peke yake.

Basi mchezo wote wa kiwanda umejengwa hapo. Makoo huchaguliwa wenye jeni ya polepole, majogoo wenye jeni ya haraka. Binti huchukua ya baba, manyoya yake yanatoka mbio. Pora huchukua ya baba na ya mama, na kati ya hizo mbili ya polepole ndiyo yenye nguvu, hivyo manyoya yake yanachelewa. Mama Bawa anasoma tofauti hiyo.

“Sasa wale mabinti wa Shemeji wamerithi bawa la nani?” daktari akamuuliza.

“La baba yao.”

“Na baba wa watoto wao ni wa namna gani?”

Mama Bawa hakuhitaji kumaliziwa. Mama wa haraka, baba wa haraka: watoto wote wa haraka, wa kike na wa kiume. Pora wa makoo hao angekuja mezani na bawa la mtetea, na hakuna jicho duniani ambalo lingemtambua. Mabinti walikuwa wamefanana na mama zao kwa kila kitu kinachoonekana, isipokuwa kwa kile kimoja kinachomlisha Mama Bawa.

Alimuuliza daktari hiyo jeni ya polepole ilitoka wapi kwanza. Akajibiwa kwamba huenda ilianza kama kosa. Maagizo hunakiliwa kila kiumbe kinapozaa, na mara moja moja nakala hutoka na hitilafu. Nyingi hazina maana, baadhi zina madhara. Hii ilichelewesha tu manyoya katika kuku fulani wa zamani, naye akaipitisha kwa wanawe, nao kwa wao, mpaka wafugaji wakaiona na kuipatia kazi.

“Kumbe nakula kwa kosa la kuku,” anasema Mama Bawa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Kueleza ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine. Meneja alisikiliza, akasema kila mwenye kosa ana maelezo. Ndipo Mama Bawa alipoomba kipimo, akaiweka kazi yake rehani. Mayai ya mabanda mawili, ambayo siku zote huchanganywa, yaandikwe kwa penseli na kutotoleshwa kila banda peke yake. Achambue vifaranga mia kutoka kila banda. Atakaowaita mitetea wafungwe uzi mguuni, mwekundu banda la kwanza, buluu banda la pili, walelewe wiki sita mpaka vilemba vya kichwani vijieleze. Majogoo wakionekana pande zote mbili, basi macho yake ndiyo mabovu, na ataondoka bila kusubiri lalamiko la nne.

Wale mia wa banda la kwanza walitoa mitetea hamsini na mmoja. Wa banda la pili walitoa sabini. Meneja aliziona namba hizo, lakini akasema wangojee vilemba.

Wiki sita hizo, anasimulia kitindamimba wake, mama alikuwa akipika na kusahau chumvi.

Siku ya siku walisimama wanne: meneja, daktari, Shemeji na yeye. Walianza na uzi mwekundu. Katika hamsini na mmoja, mmoja alikuwa na kilemba kikubwa chekundu kisicho na mjadala. Meneja akamgeukia.

“Huyo ni wangu,” akasema Mama Bawa. “Nilikosea. Endelea kuhesabu.”

Hakukuwa na mwingine. Wakaingia kwenye uzi wa buluu. Katika sabini, majogoo walikuwa ishirini, na mmoja wao, kana kwamba alikuwa amelipwa, aliwika meneja akiwa bado anahesabu.

Shemeji alivua kofia. Alisema kuku wale ni yeye aliyewaleta, alidhani anaokoa banda, na kama kuna barua nyingine ya kuandikwa iandikwe kwa jina lake. Meneja akasema karatasi ya kuwapokea aliisaini yeye, wala hakuuliza hata swali moja. Barua ya Shemeji haikuandikwa. Ya Mama Bawa ilifutwa kwa barua nyingine, ambayo ameitia kwenye mfuko wa plastiki na kuihifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Muuguzi mstaafu alipelekewa mitetea hamsini, wote wa banda la kwanza.

Lakini ushindi huo ulikuja na gharama. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawa mia mbili hawakuwa na kamba. Walifanana mno na wenzao, hata Shemeji mwenyewe hakuweza kuwachagua. Ikabidi banda la pili liondolewe lote, kuku mia tano, wakauzwa. Ndiyo maana mashine moja imezimwa na kuanikwa taulo. Vifaranga wa wiki sasa ni elfu mbili, na mshahara wa Mama Bawa umekatika katikati mpaka kuku wazazi wapya wakue na kutaga, miezi sita au saba mbele.

Namuuliza kama angejua hivyo angenyamaza. Anaitazama kwanza mashine iliyozimwa, na kwa hilo namwamini.

“Nimekwisha kunyamaza mara moja,” anasema. “Sikulala vizuri hata siku moja.”

Wazazi wapya wanaletwa mwezi ujao wakiwa vifaranga wa siku moja. Hakuomba fidia wala cheo. Aliomba siku hiyo aoge, avae mabuti mapya, avuke karo la dawa, na kabla kifaranga yeyote hajaingia banda la pili, afungue bawa lake yeye mwenyewe. Mama wa kesho wote wawe wa polepole, baba wote wa haraka. Meneja amekubali, na amekubali pia awe na msaidizi wa siku hiyo.

Msaidizi atakuwa kitindamimba, atakayekuwa likizoni. Kidole kile kilichopinda kilitoka kwa marehemu babu yake mzaa mama, fundi uashi. Kilimpata Mama Bawa, kikampata binti wa kwanza, wa pili kikamruka. Wifi za Mama Bawa walizoea kutania kwamba huyu wa mwisho ameokotwa hospitalini. Daktari alimweleza kuwa kila mtoto alikuwa na nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Siku hizi, jioni, binti huyo anajifunza kulifungua bawa kwa kidole chake kilichonyooka.

“Anafungua vizuri tu,” anasema mama yake. “Kumbe miaka yote nilidhani ni kidole.”

Trei iliyo mbele yake imekwisha. Anahesabu kisanduku cha kushoto, anahesabu cha kulia, anavuta daftari na kuandika. Mitetea arobaini na tisa, mapora hamsini na mmoja. Muuzaji anayechungulia mlangoni anauliza mbona mitetea wamekuwa wachache.

“Wako sawa,” anajibu Mama Bawa, na kuvuta trei nyingine.