Mkwe Aliyenishika Miguu

Shida zangu zilianza mwaka 1967, nikiwa na miaka kumi. Baba alikufa, nikaacha shule darasa la pili, nikaenda kubeba magunia kwa Mhindi mmoja mwenye duka Mbeya mjini. Kwa hiyo Kigujarati nakisikia. Sikukisoma popote. Kiliniingia kwa kufokewa.

Ndiyo maana nyumbani kwangu Mbalizi hawapendi kuangalia picha pamoja nami. Mwaka jana mwanangu wa mwisho alileta picha la Kigujarati kwenye flashi, lililotafsiriwa na kijana anayeongea juu ya sauti za wenyewe. Mtaa mzima ulikuwa unaliangalia. Mke wangu alilia mpaka khanga ikalowa. Mimi nilichoona ni binti wa tajiri anampenda fukara ambaye shati lake halina hata kunyanzi. Baba mtu anakataa, wanaimba, baba anaugua moyo, wanaimba tena, kisha bibi harusi anainama kumshika baba mkwe miguu na ugomvi wote unaisha. Tangu picha lianze huyo tajiri hajafungua duka. Mhindi wangu angekuwa mtu wa kuimba bustanini saa za kazi, tungekula nini? Mke wa mwanawe sikumwona akikimbia kwenye maua. Alikuwa anasukuma chapati tangu giza, na akiinua macho ni kutazama kama mafuta yamechemka. Mtafsiri naye anatia chumvi. Mzee kaomba maji ya kunywa, yeye anasema anamlilia marehemu mkewe. Nikiwaambia, wananiambia ninyamaze.

Ningenyamaza, kama picha lingebaki kwenye televisheni.

Mwanangu huyo alikuwa amepata mchumba, Mhehe wa Ilula, binti wa watu wanaouza nyanya barabarani. Akaja na shangazi yake kutambulishwa. Sasa, kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamsogelei baba mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, akimwona njiani anapisha. Watoto wa mjini wamelegeza, mimi sijalegeza. Nilikaa sebuleni, wageni wakapangiwa uani kwa wanawake.

Nilikuwa nakunywa chai binti alipoingia, kitenge kichwani. Akainama, akanishika miguu. Yote miwili.

Niliruka, chai ikaenda kwenye zulia. Dada yangu mkubwa, ambaye neno lake kwenye ukoo ndilo la mwisho, akasema palepale kuwa ndoa hiyo imekufa, mwiko umevunjwa hata posa haijapokelewa. Shangazi wa binti hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Kwani mzee ana vidonda miguuni?"

Akaanza kukusanya vikapu vyake warudi Ilula. Mwanangu alisimama mlangoni kama nguzo ya umeme. Binti alikuwa analia jikoni. Nikaenda nikasimama upande wa pili wa ukuta.

"Mama, kwenu mnawashika wakwe miguu?"

"Hapana, baba. Tunapiga magoti kwa mbali."

"Sasa hii umeitoa wapi?"

"Mwanao alisema ulilelewa na Wahindi. Alisema nikifanya kama kwenye picha utafurahi."

Kulelewa. Mimi nimelelewa na magunia.

Nikamwita mwanangu mbele ya shangazi wote wawili, nikamwambia picha analijua, baba yake hamjui. Dada yangu bado alitaka binti aondoke. Nikamwambia binti ametii alichoambiwa na mtu anayetaka kumuoa, tena ugenini, bila kutetemeka. Mjinga ni huyu wa kwetu.

"Na huyu nitamrudisha wapi, dada?"

Dada hakutaka kucheka, lakini alicheka. Akamtuma mpwa wake akalete jogoo wa kuondoa mwiko, akamwambia shangazi wa Ilula aweke vikapu chini, wali unaiva. Wakaoana baada ya mavuno. Kwenye harusi wakapiga nyimbo za lile picha, nikatoka nje.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Mbalizi, mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, lori moja linalotembea na moja lililokaa juu ya mawe, ng'ombe wa maziwa, shamba la parachichi, na mkwe anayenisalimia kwa Kihehe chao, "kamwene", kutoka nyuma ya ukuta, nami namwitikia.