Glasi Isiyokuwa na Pera

Kiwandani walimwita Mizani, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa msichana wa maneno machache, aliyesomea utengenezaji wa vinywaji katika chuo cha ufundi, na tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwona akikadiria kitu kwa jicho. Kimea alikipima, hamira aliipima, hata sabuni ya kuoshea mabomba aliipima. Wanawake wa chumba cha chupa walipenda kusema kwamba mchumba wake akija atapandishwa kwanza juu ya mizani, na akipungua gramu moja atarudishwa kwao.

Baba yake walimwita Ulimi. Yeye hakuwa na cheti cha chuo chochote. Aliingia humo akiwa mwosha mapipa, wakati jengo lilikuwa bado linanukia mikate iliyookwa na wamiliki wake wa zamani, akapanda kidogo kidogo hadi akawa mpishi mkuu wa bia. Hakuna tangi lililofunguliwa bila neno lake. Alionja, akafumba macho, akasema "bado" au "fungueni", na mjadala ukaishia hapo. Watu walimtania kwamba ulimi hauna mfupa, naye akajibu, "Wa kwangu una macho."

Palikuwa na desturi moja kwenye meza ya kuonjea. Glasi zilipangwa tupu, jagi likazungushwa, na aliyekuwa na mafua, au aliyeunguzwa ulimi na chai, au ambaye siku hiyo hakujiamini tu, aliigeuza glasi yake kifudifudi mbele yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza kwa nini. Kila mmoja alikuwa amewahi kuifunika glasi yake, hata bosi mwenyewe alipokuwa na mimba. Ulimi peke yake hakuwahi, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia watoto wao.

Tangu msimu wa baridi uliopita alikuwa na kawaida nyingine mpya, ndogo tu: alionja mwisho. Alieleza kwamba mkubwa akitangulia kusema, wadogo humfuata kama kondoo. Wote waliona ni busara. Mizani naye aliona ni busara.

Msimu wa joto ulipokaribia, bosi alitaka bia ya ngano yenye tunda, nyepesi, ya kunywewa kivulini mchana. Wakachagua mapera meupe. Mizani aliyamenya, akayachemsha, akazichuja mbegu kwa kitambaa, akautia uji wake kwenye tangi dogo kwa vipimo. Kazi hiyo haikumchosha. Aliyemchosha ni Bwana Mauzo, mtu wa viatu vya kung'aa na maneno ya asali, ambaye alizisifu bia zote kabla hazijamfika mdomoni. "Tamu! Hii itauzwa mpaka chupa zituishie!" Alisema hivyo hivyo hata juu ya lile tangi lililochacha, ambalo mwishowe lilimwagwa mtaroni.

Ndipo Mizani alipokumbuka mtihani aliofundishwa chuoni. Kila mwonjaji huwekewa glasi tatu zilizokwisha kujazwa: moja yenye tunda kidogo, moja yenye tunda la kutosha, na moja isiyotiwa tunda lolote. Bia ya ngano ina ukungu wake wa asili, na pera jeupe haliibadilishi rangi, kwa hiyo jicho lisingemsaidia mtu. Chini ya kila glasi alitia doa la rangi ili aweze kuzitambua. Siri hiyo alimwambia bosi peke yake. Moyoni alijua anachokingojea: Bwana Mauzo aisifu ngano tupu kwa harufu ya pera, watu wacheke, naye atazame pembeni kwa adabu. Na ili baba yake azidi kung'aa, alipanga kwamba siku hiyo mzee aanze.

Walikusanyika asubuhi, bosi, Bwana Mauzo, Ulimi na wanawake wawili wa chupa, kwenye meza ya bati iliyo chini ya dirisha. Mizani aliweka trei.

"Leo Baba aanze," alisema.

Ulimi aliitazama trei. "Mimi? Mimi ni wa mwisho, mwanangu. Kawaida ni kawaida."

"Leo tu, Baba. Bia ya msimu ni haki yako kuizindua."

"Anza, Mzee," bosi akasema. "Binti amekuheshimu, usimvunje moyo."

Baadaye Mizani aliukumbuka sana ule mkono. Ulikwenda kwenye glasi ya mwisho, ukarudi, ukaishika ya kati, ukaiacha. Kama kungekuwa na glasi tupu mbele yake, pengine mkono ule ungejua la kufanya. Lakini zote zilikuwa zimejaa, kwa sababu yeye Mizani alizijaza.

Mzee alionja zote tatu, akafumba macho.

"Ya kwanza," akasema. "Hii ndiyo yenyewe. Pera limetulia, halina fujo. Hizo nyingine ni mzaha. Fungueni."

Ya kwanza ilikuwa ngano tupu.

Bwana Mauzo aliinua glasi yake ya kwanza, akainusa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutabasamu. "Samahani, Mzee. Mimi hapa pera silioni. Ni ngano peke yake. Lakini hii ya tatu, jamani! Hii inanirudisha chini ya kitanda cha bibi yangu, alikokuwa anatuficha mapera."

"Pua yako imeharibiwa na manukato," Ulimi akasema, na wanawake wa chupa wakaangua kicheko.

"Tusibishane," bosi akasema. "Mizani, inua glasi tuone doa."

Mizani hakuiinua. Mambo madogo ya nyumbani, ambayo hakuwahi kuyaweka pamoja, yalikuwa yamejipanga mbele yake yenyewe. Maziwa yalikuwa yameungua jikoni hadi moshi ukafika barazani, na baba ameketi kando ya jiko anasoma gazeti. Chumvi alikuwa akiiongeza kabla ya kuonja. Mama alisema siku moja, kwa utani, "Mume wangu siku hizi anakula kama anayetimiza wajibu." Kumbe mzee hakuonja mwisho ili kuwaachia wadogo nafasi. Alionja mwisho ili azisome nyuso zao.

Aibu iliyomshika haikuwa moja. Kwanza alimwonea aibu baba yake, kama mtoto ambaye mzazi wake amekuja shuleni na shati lililochanika mgongoni. Papo hapo akajionea aibu yeye mwenyewe kwa kumwonea aibu mtu aliyembeba mgongoni akiwa mgonjwa, na hii ya pili ilikuwa kali zaidi, kwa sababu mtego ulikuwa wake.

"Nimekosea," akasema. "Nimechanganya glasi."

Kisha mmoja wa wanawake wa chupa akapiga kelele, "Leo Mizani imepinda!" na wote wakacheka, ila bosi.

"Umechanganya? Wewe? Asubuhi nzima, na mapera yote yale?"

"Samahani, bosi."

"Kesho tunarudia, na trei ataibeba Bwana Mauzo. Wewe utakaa chumba cha chupa mpaka akili ikutulie."

Mizani aliinamisha kichwa. Hilo alikuwa amelitarajia. Asilolitarajia lilitoka upande wa pili wa meza.

"Nimekuambia mara ngapi, mwanangu?" baba yake alisema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Haraka haraka haina baraka. Meza hii si mahali pa mchezo."

Mizani alizikusanya glasi, akaenda kuziosha. Ile ya kwanza aliinusa kabla ya kuitia majini. Ilinukia ngano safi, harufu ya mkate uliotoka tanurini, na pera halikuwemo kabisa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, walisema wahenga, na mwosha alikuwa yeye, wakati maiti wake yuko upande wa pili wa ukuta akicheka na watu.

Katika chumba cha chupa walimpokea kwa shangwe. "Karibu kwetu tusiopima, dada!" "Hapa maji ni ya kukisia, usije ukazimia!" Alitabasamu kadiri alivyoweza, akajifunga aproni ya mpira, akashika brashi. Alisugua chupa ambazo zilikuwa zimekwisha kutakata. Kila alipokumbuka lile neno "mchezo", masikio yalimwaka moto.

Mchana wanawake walipotoka kwenda kunywa chai, baba yake aliingia. Alikunja mikono ya shati, akachukua brashi ya pili, akasimama kando yake na kuanza kuosha kama alivyoosha mapipa ujanani mwake.

"Ile glasi ya kwanza ilikuwa na nini?" akauliza.

"Nilichanganya, Baba."

"Wewe? Wewe unayetilia yai chumvi kwa kijiko cha dawa?"

Mizani aliendelea kusugua. Maji yalitiririka kwenye karo.

"Ni tangu ile homa iliyonilaza msimu wa baridi," mzee akasema. "Nilidhani harufu itarudi yenyewe. Kila asubuhi nainusa kahawa kabla mama yako hajaamka. Napata mvuke tu."

"Mbona hukutuambia?"

"Nimwambie nani? Watu wananiita Ulimi. Nikisema, wataniita nani?" Aliitazama chupa aliyoishika kwenye mwanga, akairudisha majini ingawa ilikuwa safi. "Na nimekukemea mbele yao. Nilijua, mwanangu. Nilijua kabla hujafungua mdomo, na bado nikakukemea."

Mizani alitaka kusema si kitu, Baba. Hakulisema, kwa sababu lilikuwa kitu. Badala yake akasema, "Nilikuwa nimemtegea Bwana Mauzo. Nilitaka watu wamcheke."

Mzee alitoa mguno uliokaribia kuwa kicheko. "Basi tumenasa wenyewe, na yeye yuko nje anapiga viatu rangi."

Waliosha mpaka wanawake waliporudi. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Kesho yake Bwana Mauzo alibeba trei huku akiyumba kama mhudumu wa siku ya kwanza, akaimwagia meza nusu ya jagi. Kwa kuwa hakuujua mtihani wa chuoni, alipanga glasi tupu kwa utaratibu wa zamani. Mizani alikuwa ameitwa kufuta meza, akawa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, aproni ikidondosha maji.

"Mzee, wewe mwisho, kama kawaida," Bwana Mauzo akasema.

Ulimi aliishika glasi yake, akaigeuza kifudifudi. Ilitoa mlio mdogo juu ya bati.

Hakuna aliyeuliza, maana desturi haikuruhusu. Wangedhani ni mafua, jagi lingempita, na tangi lingefunguliwa kwa neno la mtu mwingine. Angeweza kukaa nyuma ya glasi ile mpaka msimu uishe, na binti yake angekaa chumba cha chupa. Mizani alimtazama, na kwa dakika ile alitamani baba yake anyamaze. Aibu ya chumba cha chupa alikuwa ameanza kuizoea. Ya baba yake asingeweza kuizoea.

"Si mafua," mzee akasema.

"Mzee, hakuna aliyeuliza," bosi alisema taratibu.

"Najua. Jana mtoto huyu hakuchanganya kitu. Glasi ya kwanza ilikuwa ngano tupu, nami nikaisifu mbele yenu. Sipati harufu tangu ile homa ya baridi. Matangi yote tuliyofungua tangu siku hizo mmefungua wenyewe. Mimi nilikuwa nawatazama nyuso."

Mwanamke mmoja wa chupa alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Bwana Mauzo aliliweka jagi mezani, akatafuta neno la asali, akalikosa. "Pole, Mzee," akasema tu, na ilikuwa pole ya kweli. Mizani aliisikia ikimchoma kuliko dhihaka, kwani huyu ndiye ambaye yeye alitaka watu wamcheke.

"Mizani," bosi akasema, "weka hicho kitambaa. Njoo ukae."

Hakuna aliyemwonyesha pa kukaa. Baba yake alisogea kwenye benchi, akamwachia upande wa dirisha, uliokuwa wake siku zote. Mizani alikaa kwenye ukingo, nusu mtu. Bosi mwenyewe alimmiminia. Povu lilipanda, jeupe na zito, na pera likamjia puani lote kwa pamoja, zuri na lenye kelele, kama mgeni anayeongea bila kumpa mwenyeji nafasi. Alionja. Alionja tena. Alihisi macho ya watu wote usoni mwake, akaelewa jinsi uso unavyosomwa.

"Bado," akasema. Neno lilitoka dogo.

"Sema kwa nguvu," baba yake akamwambia, akitazama nje.

"Bado. Pera limezidi, limeifunika ngano. Tuongeze bia tupu, tuonje tena Jumatatu."

"Jumatatu," bosi akakubali, na mjadala ukaishia hapo.

Watu walipoondoka, Mizani alizikusanya glasi kwenye trei. Ile iliyofunikwa hakuigusa. Hakujua kama ana ruhusa. Alikuwa kwenye karo, mikono ndani ya maji, baba yake alipokuja nayo. Haikuwa imetiwa kitu. Mzee aliiosha hata hivyo, nje na ndani, akaisuuza, akaikausha kwa ncha ya shati lake, akaipanga rafuni pamoja na nyingine.