Matanga ya Kheiria

Mahbuba binti Thani alifika Maskati Desemba ya mwaka 1970, wiki mbili baada ya Idi, akiwa na sanduku moja, miwani mipya, na cheti cha ualimu alichokipata kwa miaka saba ya baridi ya Uingereza. Utawala ulikuwa umebadilika Julai, na nchi ile ile iliyokuwa haitaki hata kuwasikia watu wa Unguja sasa ilikuwa inawatafuta kwa udi na uvumba, maana walikuwa wamesoma. Kazi alikwishapewa: baada ya siku tisa angepelekwa Sohar kufundisha skuli ya wasichana. Lakini katika siku hizo tisa alikuwa na jambo moja alilolitaka kutoka kwa baba yake, nalo kwake lilikuwa kubwa kuliko kazi na cheti. Alitaka amsikie akilitaja jina la Kheiria.

Kheiria alikuwa mdogo wake, na kwa kweli alikuwa kama mwanawe. Mama yao alifariki siku aliyomzaa, na Mahbuba, wakati huo ana miaka kumi na moja, ndiye aliyembeba kiunoni mpaka mtoto akajua kukimbia. Alipoondoka Unguja kwenda kusoma, mwaka 1963, Kheiria wa miaka saba alimng'ang'ania gauni mpaka mshono wa ubavuni ukafumuka. Miezi minne baadaye yakaja mapinduzi. Baba na mtoto wakawekwa kambini, kisha wakapakiwa katika meli ya kuja Maskati pamoja na mamia ya wengine. Meli ikafika. Mtoto hakufika.

Hayo Mahbuba aliyajua kwa barua ya mjomba, mstari mmoja uliobanwa kati ya salamu na habari za bei ya mchele. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu. Shangazi yake Masouda, aliyeolewa Matrah, jirani na Maskati, miaka mingi kabla ya msukosuko wote ule, ndiye aliyewapokea bandarini. Alimwona kaka yake anateremka peke yake, kashika kifurushi, akamuuliza yuko wapi mtoto. "Hayupo," akajibu. Shangazi akaanza kama waja wanavyoanza: shukuru Mungu, kaka, wenzio wamepoteza nyumba nzima. Thani akampita akaenda zake, na tangu siku ile jina la mtoto halikutoka tena kinywani mwake. Matanga hayakukaliwa, maana mwenyewe hakutaka, na kaburi la kuzuru halikuwapo.

Mahbuba naye alikuwa na lake, na hilo lilimkereketa zaidi. Alipoipata barua ya mjomba aliketi akamwandikia baba yake kurasa nane. Kurasa nane! Aliweka aya, akaweka visa vya mitume, akaweka maneno ya subira ambayo yeye mwenyewe hayakumpa hata usingizi wa saa moja. Alijiona kaandika vizuri. Jibu halikuja. Tangu hapo, kila baada ya miezi, ilikuja karatasi yenye mistari miwili: sisi wazima, soma kwa bidii. Hakuelewa amekosa wapi mpaka mwaka 1967, darasani.

Kuingia katika darasa lenyewe ilikuwa bahati tu. Chuo chao cha ualimu kilimtaka kila mwanafunzi asome dini moja isiyokuwa yake. Mahbuba alichelewa kurudisha fomu, na nafasi zilizobaki zilikuwa katika somo moja, maadili ya Kiyahudi na namna watu wanavyoishi wao kwa wao. Mwaka wenyewe ndio ule wa vita vya Waarabu na Israeli. Wanafunzi wawili wa Kiarabu waliokuwa wakila naye wakahamia meza nyingine, wakimwona wanatazama dirishani. Alilia chooni, akaosha uso, akaenda darasani hivyo hivyo, kwa ubishi zaidi kuliko kwa kupenda elimu.

Mwalimu alikuwa Bibi Adler, mwanamke mfupi mwenye sweta lililotoboka kiwiko, aliyepotelewa na jamaa zake wote katika vita kuu vya pili na asiyekuwa hata na kaburi moja la kulitembelea. Aliwafundisha mambo mengi: heshima ya wazazi, kuuchunga ulimi, haki ya jirani. Mengine Mahbuba aliyajua tangu chuo cha Kurani kwa maalimu wake, akashangaa kuyakuta huko. Lakini siku moja Bibi Adler aliwafundisha namna ya kukaa na mfiwa. Mfiwa hukaa chini, akasema, nawe huketi karibu yake. Chakula cha kwanza hali cha nyumbani kwake, humpikia majirani, na desturi ni mayai au adesi. Kwa nini adesi? Kwa sababu punje yake haina mdomo, na mfiwa naye hana mdomo. Basi wewe uliyekuja usiseme neno mpaka aseme yeye. Akawakumbusha habari ya rafiki zake Nabii Ayubu, waliokaa naye siku saba mchangani, kimya. Hilo ndilo jambo pekee la maana walilolifanya, akasema Bibi Adler, kwa sababu siku ya nane walifungua midomo wakaharibu yote.

Mahbuba aliiweka kalamu mezani. Aliziona zile kurasa zake nane, ukurasa kwa ukurasa, na uso ukamwaka moto.

Kipindi kilipokwisha alibaki, akamweleza mwalimu habari ya baba yake na ya barua. Bibi Adler alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Na wewe, alikaa nani nawe?" Mahbuba akadhani hakuelewa vizuri. Akarudia tena kumweleza habari za baba yake.

Sasa huyo baba alikuwa mbele yake, katika ua wa nyumba ndogo nyuma ya soko la Matrah. Unguja alikuwa karani wa forodha, mtu wa kola iliyonyooka. Hapa alikuwa mpishi wa haluwa, amekonda, kifua kinambana, anakoroga sufuria la shaba lenye upana wa kukaa watoto wawili. Haluwa ni kazi ya utumwa. Wanga na sukari vikishaanza kushikana, mwiko hausimami, utie samli, utie zafarani, uzungushe saa mbili nzima, na ukiuacha kwa muda wa kupiga chafya tu, inashika chini na yote imeharibika. Watu wa Matrah walisema Thani hajaunguza sufuria hata moja tangu aanze. Walidhani ni ustadi. Mahbuba alipomtazama, aliona mtu aliyejitafutia kazi isiyomruhusu kugeuza uso.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mrefu." Akaendelea kukoroga.

Siku ya kwanza Mahbuba alimpikia adesi na mayai mawili ya kuchemsha. Shangazi Masouda aliingia, akafunua chungu, akafunika tena.

"Wee Mahbuba! Mtu hajakuona miaka saba, unampa adesi? Huko Ulaya ndiko mlikofundishwa ubahili?"

"Nimetaka kumpikia adesi tu, shangazi."

"Mie mchana nnaleta samaki wa kupaka. Usije ukamuua kaka yangu kwa njaa."

Thani aliitazama sahani, akamtazama binti yake, akala vijiko vitatu.

Kuanzia hapo, kila asubuhi Mahbuba alichukua mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao kifupi shangazi alichokileta kutoka Unguja, akaukunja ule mdomo wake wa chuma, akakaa juu yake karibu na moto, chini kuliko baba yake. Hakusema kitu. Kukaa kimya hivyo kulimuuma zaidi ya alivyotarajia, maana alikuwa msemaji tangu utotoni na maneno yalimjaa kifuani. Siku ya tatu alikwishafungua mdomo, akajifanya anakohoa. Siku ya tano shangazi alimvuta pembeni, akamnong'oneza kwa nguvu za kusikika nyumba ya tatu.

"Muulize basi! Umekuja kuota jua? Siku zako zinakwisha hizo, na kifua chake kile unakisikia."

"Namsubiri, shangazi."

"Ukimsubiri Thani utazeekea juu ya hiyo mbuzi."

Na Mahbuba aliogopa kwamba shangazi amesema kweli. Angekwenda Sohar bila kujua chochote, na baba angeondoka duniani na mtoto wake amefungiwa kifuani, basi. Usiku alilia kwa hasira. Asubuhi akarudi pale pale.

Siku ya saba Thani ndiye aliyesema, bila kuuacha mwiko.

"Huko chuoni ulisoma nini?"

"Ualimu, Baba. Hesabu, jiografia." Akasita. Hakutaka kumficha. "Na maadili ya Mayahudi."

Mwiko ukapungua mwendo. "Mayahudi?"

"Ndiyo, Baba."

"Wakakufundisha nini?"

"Namna ya kukaa na mfiwa."

Thani akazungusha mara tatu, mara nne. Moshi wa kuni ulimwingia machoni, akaufuta kwa kiwiko. "Basi kaa," akasema.

Siku ya nane alianza kusema sufuria likiwa katikati ya kazi, samli ndiyo kwanza imetiwa. Alisema akiwa anaitazama haluwa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Surua ilimshika kambini. Melini ikampanda. Siku ya tatu akawa hanioni sawasawa, kanishika kidole tu. Akaniuliza, 'Dada Mahbuba anaijua njia ya Maskati?' Nikamwambia anaijua. Akaniuliza, 'Atatukuta?' Nikamwambia keshafika zamani, yupo bandarini anatungoja, na gauni jipya kakushonea. Uongo mtupu. Akafurahi, mwanangu. Akasema basi nimvishe viatu, asije akateremka miguu mitupu mbele yako. Nikamvisha. Akawa kila saa ananiuliza tumefika, nami namwambia bado kidogo, dada yako nishamwona kule, anatupungia. Kafa alfajiri na viatu vyake mguuni."

Mwiko ulikuwa bado unazunguka, polepole.

"Nikamvua mwenyewe. Tukamsalia, wakamteremsha baharini. Viatu ninavyo. Na tulipofika hapa, wallahi, nilikutafuta. Najua ni mimi niliyesema uongo, lakini nilisimama pale bandarini nikakutafuta katika ule umati, uso kwa uso." Akavuta pumzi kwa taabu. "Kisha ikaja barua yako. Umeandika mwanzo kabisa, 'Baba, naujua uchungu wako.' Nikaifunga hapo hapo, sijaisoma mpaka leo. Ungejuaje? Na mie nikujibu nini? Kwamba kafa akikungoja wewe?"

Mahbuba alikuwa amejitayarisha. Miaka mitatu alikuwa ameyapanga maneno ambayo angeyasema baba yake akishafungua mlango, machache, ya adabu. Hata moja halikuja. Alimwona Kheiria na viatu vyake, anatazama bandari ambayo haipo, anamtazama yeye, na yeye wakati huo huo alikuwa Uingereza anajifunza kuendesha baiskeli. Kilichomtoka kilikuwa sauti tu, ya chini, mbaya, kama ya mtu aliyepigwa. Akainamia magoti yake juu ya kile kibao. Ndipo likamrudia swali la Bibi Adler, na safari hii akaelewa kwamba mwalimu alikuwa amesikia vizuri kabisa.

Thani aliuacha mwiko.

Alizunguka sufuria, akashika ukuta, akajishusha mpaka chini, akaketi juu ya udongo mtupu karibu na binti yake. Hakusema subira. Hakusema shukuru Mungu. Aliiweka mikono yake iliyoungua ungua juu ya mapaja, akangoja. Nyuma yao haluwa ilianza kushika, kisha kunuka, kisha kutoa moshi mweusi, na hakuna aliyegeuka.

Harufu ndiyo iliyomleta Shangazi Masouda mbio. "Kaka, haluwa!" Akawaona wote wawili chini. "Kuna nini? Jamani, shukuruni Mu..." Thani akainua mkono, na shangazi akanyamaza, jambo ambalo Matrah nzima isingeliamini.

Baadaye kidogo mlango wa ua uligongwa. Alikuwa Marhoon, jirani wa mtaa wa pili, kaja na sinia lake kubwa kuchukua haluwa ya posa ya bintiye, ana haraka, ananusa hewa.

"Yakhe Thani, salama? Nnasikia kunaungua."

"Leo haluwa hakuna, Marhoon," Thani akasema kutoka pale chini. "Utaniwia radhi. Tuna msiba."

"Inna lillahi! Kafa nani?"

"Mwanangu. Kheiria."

Shangazi Masouda alishika nguzo. Marhoon aliwatazama mmoja mmoja. Miaka sita alikuwa akinunua haluwa katika ua ule, na hakuwahi kusikia kwamba pana mtoto wa jina hilo.

"Kafa lini?"

"Sitini na nne," Thani akasema. "Matanga ndiyo leo."

Marhoon alisimama kidogo na sinia lake. Mwisho akaliegemeza ukutani, akavua viatu, akaja akaketi nao chini. Shangazi alikwenda jikoni kuchagua adesi.