Wanataka Nimpeleke Mama Kashebere

Admini, nifichie jina, na la mume wangu pia. Nina miaka thelathini na mitatu, ni Mkatoliki, mzaliwa wa upande wa Butembo, huku mashariki ya Kongo, nimeolewa Masisi. Huku wananiita Mama Gloire kwa jina la binti yetu, na akina Mama Gloire wamejaa kila kilima, kwa hiyo hilo liache. Mimi ni fundi wa mtandao katika kampuni ndogo inayogawa intaneti kwa hospitali, shule na maduka ya mji. Mume wangu, Papa Gloire, anabeba mizigo kwa pikipiki. Ninapoandika haya yuko mikononi mwa watu wenye silaha, na kilichomfikisha huko ni sauti yangu mwenyewe.

Nieleze kidogo, msichoke. Kazini tuna swichi kubwa, sanduku la chuma linalochomekwa kadi. Kila kadi ina matundu ya nyaya, na matundu hayo tunayaita milango. Kuna kadi moja inayoziamuru nyingine zote, hiyo tunaiita Mama. Mama wetu ni mzee na ana kiburi. Ukimchomekea kadi ya kizazi asichokijua, anaikataa na kuizima, hata kama imetoka kiwanda kilekile na imeingia vizuri kabisa.

Radi ilituunguzia kadi moja. Papa Gloire alikuwa Hombo kwa safari ya mizigo, akapata mbili kwa mfanyabiashara mmoja, moja mpya yenye kasi na nyingine ya zamani. Akanitumia picha. Yeye alitaka ile mpya, si mnawajua wanaume na vitu vinavyong'aa. Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti, huku nacheka:

"Papa Gloire, ile ya mupya uache! Mama hawezi kuikubali, atafunga milango yake yote. Leta ile ya zamani. Milango iko mingi lakini njia iko ndogo, bote bakiingia saa moja batabanwa. Haina shida, tutaanza na hospitali."

Kwa fundi hayo ni maneno ya kila siku. Kadi ya zamani ina milango mingi, ila njia yake ya kufika kwa Mama ni nyembamba. Watu wote wakitumia pamoja, mambo yanakwenda polepole, ndiyo maana hospitali hupewa nafasi ya kwanza. Sasa yasikilizeni tena kwa masikio ya mtu mwenye bunduki kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, karibu na Kashebere.

Walimsimamisha mume wangu pale, wakafungua mzigo, wakaona kadi, wakachukua simu yake. Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nachambua maharage, simu ikaita, nikaona jina la mume wangu.

"We njo Mama?" akauliza mwanamume nisiyemjua. Kwetu njo ni ndiye.

Nikajibu kama mwanamke yeyote wa huku angejibu. "Ndiyo, njo mimi Mama."

Akasema taratibu, "Aksanti. Njo weye tulikuwa tunatafuta."

Akanichezea ule ujumbe wangu wa sauti, pamoja na kile kicheko. Sijawahi kukichukia kicheko changu namna ile.

"Mutaingia mu hospitali na batu gani?" akauliza.

"Papa, hapana! Mama iko karte!"

"Karte ya uchaguzi?"

"Karte ya mashini, Papa! Na milango iko matundu ya nyuzi tu!"

"Bwana yako pia amesema vile. Munatuona sisi batoto?"

Nikalia. Nikamwita Papa, nikamwita kaka, nikatumia kila heshima niliyofundishwa nyumbani. Nikamweleza jinsi Mama anavyoamuru kadi nyingine. Hapo akatulia, akaanza kuuliza vizuri, kama mwanafunzi.

"Kwa hiyo mukimutoa, milango yote itafungika?"

"Yote," nikasema. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ananielewa.

"Intaneti yote ya mu mji?"

"Yote, Papa."

"Basi umulete Kashebere siku ya soko, tumuone na macho. Bwana yako atarudia na weye."

Mama ni mmoja, hatuna wa akiba. Kwa mtandao huo watu wanaambiana barabara gani inapitika na risasi zinalia wapi. Siku moja ulikatika kwa kukosa mafuta ya jenereta tu, nikaona watu wamebeba magodoro vichwani na kuingia njiani, kwa sababu huku kimya cha simu wanakijua, hutangulia mashambulizi. Nilimweleza mkuu wangu wa kazi. Akaniambia, "Pole sana, Mama Gloire. Lakini ukigusa ile karte, utakuwa umeuzisha mji." Kisha akaenda zake bila kuniangalia, na ufunguo wa chumba cha swichi akauacha pale unapotundikwa siku zote.

Mwanzoni niliogopa kwamba yule mtu wa simu hakuniamini. Sasa naogopa kwamba ameniamini. Anayetaka kuona kipande cha chuma tu angeniambia nipige picha. Lakini nikikaa nyumbani, wanaye Papa Gloire, mwanamume ambaye hata kuku hawezi kumchinja bila kugeuza uso. Nampenda, jamani. Binti yetu akiniita "Mama" nashtuka. Anauliza baba anarudi lini, namwambia njia ni mbaya.

Soko ni keshokutwa. Msinitukane, nishaurini kama ndugu yenu. Nimpeleke Mama, au niende mikono mitupu na sauti yangu hii? Na ninyi mlioko Masisi, mkiweza kusoma haya, jueni bado sijamchomoa. Nijibuni mapema, wakati bado tunasikiana.