Sare ya Njiwa

Kikao cha mavazi kiliitishwa kwa sababu ya muuza mchicha. Baba mmoja mwenye haraka alifika na mwanawe kwenye geti la kituo cha kulelea watoto, akamnyooshea mwanamke wa kwanza aliyemwona, akaondoka. Mwanamke huyo alikuwa anauza mchicha. Akampokea. Huku Ufipa ukinyooshewa mtoto unampokea kwanza. Maswali yatakuja baadaye. Mtoto alipatikana sokoni saa nne, ameshiba, ana ndizi mkononi.

Lawama zilimwangukia Avelina, mlezi wa getini, mwanamke wa Mpui mwenye miaka tisa kazini na tabia moja iliyomchosha mwajiri wake: kuuliza.

"Tatizo ni mavazi," alisema Mama Cornelia, mwenye kituo, mwalimu mstaafu aliyeongea kana kwamba chaki bado iko mkononi. "Kila mmoja anavaa anavyojua. Hata mlezi mwenzako Monika anakuja na malapa. Mzazi atamjuaje mlezi?"

"Na mtoto je, mama, anatujua kwa nguo?"

"Avelina, mtoto hasaini."

Kanuni zikabandikwa ukutani: kucha fupi, hereni ndogo, viatu vya kufunika vidole, sare moja kwa wote. Ya mwisho haikuandikwa, ilisemwa tu: mtoto mwingine akienda kwenye mikono isiyo yake, Avelina akatafute kazi kwingine.

Kitambaa alikitafuta Mama Cornelia mwenyewe: kitenge cha bluu chenye njiwa weupe, jora zima, bei ya kutupa.

"Mama, kwa nini kilibaki dukani?" aliuliza Avelina.

"Kwa sababu watu hawana macho."

Kilibaki kwa sababu akina mama wa mtaa mzima walishashona kwa kitenge hicho hicho nguo zao za jubilei ya parokia. Siku ya jubilei Mama Cornelia alikuwa kwa bintiye Namanyere. Avelina husali kanisa lingine. Monika alijua, ila tangu lini mtu akamsahihisha mwalimu?

Jumatatu ya kwanza ya sare, saa moja na nusu, akina mama kumi na wawili wa jumuiya walisimama karibu na geti kusubiriana. Walikuwa wanakwenda kumpongeza mwenzao aliyejifungua, na kwa heshima yake walivaa njiwa. Avelina aliingia ndani kumfuta mtoto kamasi. Alipotoka, watoto wanne walikuwa mikononi mwa wageni.

"Huyu ni wa nani?" mmoja aliuliza.

"Si wako?"

"Wa kwangu wana ndevu!"

Avelina aliwapokea watoto wote wanne, akamkabidhi Monika, akahesabu majina. Akina mama walisema walipewa watano; mmoja alikosekana. Kule barabarani mwanamke alikuwa ameshatangulia, mtoto mgongoni. Miaka tisa ya kazi ilikuwa inatembea naye. Avelina akakimbia.

"Dada! Dada mwenye njiwa!"

Wanawake kumi na wawili waligeuka.

Mwenye mtoto aliitwa Josefina, na mtoto alikuwa Abeli, mjukuu wa Mama Cornelia.

"Nimepewa," Josefina alijitetea. "Bibi mmoja kwenye bodaboda. Hata shikamoo yangu hakuipokea. Kasema uji wake usiwe wa moto, akaondoka."

Walirudi pamoja. Mama Cornelia alipofika saa mbili, akiwa na mfuko wa unga wa ulezi, Abeli alikuwa anakunywa uji akiwa amepakatwa na Josefina, kwenye benchi.

"Shikamoo, mama. Asubuhi Abeli ulimkabidhi nani?"

"Marahaba. Nilikukabidhi wewe."

"Mimi?"

Mama Cornelia alimtazama Avelina, halafu benchi. Alitazama njiwa wa huku na njiwa wa kule.

"Sina ubaya," alisema Avelina. "Nataka tu kujua, ulimtambua mlezi kwa kitu gani?" Na kweli alitaka kujua.

"Yule bibi ndiye huyu," Josefina alisema, akisaidia.

Mama Cornelia aliweka unga chini. Akachukua kalamu, akaandika ukutani, chini ya kanuni nyingine: *Mzazi asiondoke kabla mlezi hajamtaja mtoto kwa jina.* Mwandiko ulikuwa wa ubaoni.

"Na ile uliyoisema bila kuiandika, mama?"

"Ipi?" Mama Cornelia alifunika kalamu. "Nenda getini, Avelina. Kuna mzazi."

Avelina akaenda.