Sketi Sita Nyeupe na Uji wa Muhogo

Jamani, hili nimelificha mwaka mzima, na nisingelisema leo kama Shabani asingelianika msikitini Ijumaa iliyopita, tena akalitia chumvi mpaka nikawa nimechoma ukumbi, kwa hiyo heri mlisikie kwangu mwenyewe: mimi, fundi wa kanzu niliyetoka Tanga na kuja kupunguza suruali za watu hapa Toronto, niliwagandisha wasichana sita jukwaani, na mmoja wao ni wa kumzaa mwenyewe.

Binti yangu Zuhura alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa anacheza baleti (msiniulize ilianzaje, muulizeni mama yake). Miaka miwili nilimkatalia kupanda jukwaani kwa sababu ya zile sketi fupi zinazosimama kiunoni kama sahani, nikasema mtoto wangu hatoki hivyo mbele ya watu, basi. Mwaka ule shule yao ikaamua kuonyesha michezo ya zamani, ya huko Paris karibu miaka mia mbili nyuma, na Zuhura akanijia na picha kwenye simu. "Baba, ona. Enzi hizo sketi zilikuwa ndefu, zinafika kwenye muundi. Tunacheza mizimu ya wasichana." Ya mizimu sikuipenda, ila urefu niliupenda, nikakubali, na kwa kiherehere changu nikajitolea kushona.

Sasa muelewe ilivyokuwa. Siku ya onyesho angekuja mama mmoja kutoka chuo kikubwa cha dansi, kuchagua msichana mmoja wa kwenda kozi yao ya kiangazi. Zuhura alikuwa mzimu wa mbele, na mwishoni angecheza peke yake dakika mbili. Dakika mbili hizo alizifanyia mazoezi kwenye korido ya jengo letu pale Thorncliffe Park mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kama tunafuga farasi. Aliitaka ile kozi mpaka akawa anaiota.

Mavazi yalikuwa chini ya Anti Filo, Mgoa wa Dar, mstaafu, mzaliwa wa Upanga, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Akanikalisha chini, akanipa darasa. "Fundi, nisikilize. Zamani zaidi walikuwa wanacheza na magauni mazito na viatu vya kisigino. Hawa wa enzi mnayoionyesha ndio walioleta wepesi: shashi ya pamba, tabaka juu ya tabaka, inashuka yenyewe, mtu aonekane anaelea. Na ilikuwa hatari, maana taa zilikuwa za gesi na shashi inashika moto upesi. Wakatafutiwa dawa ya kuzuia moto, ikafanya kitambaa kiwe kigumu, baadhi yao wakaikataa katakata. Umenielewa? Shona, piga pasi kidogo, niletee. Usiongeze kitu."

"Nimekuelewa, Anti." Na nilikuwa nimemwelewa kabisa, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ijumaa, siku moja kabla ya onyesho, nikarudi kutoka kuswali nikazikuta sketi zangu sita zimening'inia sebuleni, zimelegea. Ninyi si mafundi, hamjui, lakini fundi wa kanzu akiona nguo imelegea anajisikia kama ametoka nje bila kunawa uso! Kwetu kanzu ya Ijumaa isiyotiwa wanga ni nguo ya kulalia. Na mimi nilikuwa nimeshamwalika Shabani na karibu nusu ya safu ya mbele msikitini, nikawaahidi wataona ufundi (nia yangu hasa ilikuwa waone urefu, waache maneno yao kuhusu binti yangu kucheza), nikawaza, wakiona matambara haya watasema fundi gani huyu, nikasema acha nitie wanga kidogo tu, kijiko kimoja cha unga wa muhogo. Kijiko kikawa viwili, shashi ni nyepesi haikamati, nikaongeza, na mwisho wa yote nilikuwa nimesimama jikoni nakoroga sufuria nzima ya uji. Nikazichovya, nikazianika bafuni, nikazipiga pasi moja baada ya nyingine. Zilisimama, wallahi! Ukiiweka sakafuni inasimama peke yake inakutazama.

Zuhura akarudi kutoka shule, akagusa moja kwa kidole. "Baba, umezifanya nini?"

"Nimezinyoosha tu."

Jumamosi alasiri, ukumbi kule Agincourt ukajaa, Shabani na wenzake mstari wa pili wamepiga kanzu. Anti Filo alizipokea sketi zikiwa zimebaki dakika kumi, akashika moja, akanikodolea macho. "Fundi! Mbona zimekauka namna hii?" Nikamwambia zitalegea zikivaliwa. Hakukuwa na muda wa kugombana, akawavalisha.

Zililegea kweli. Mizimu inatoka kaburini, si ndiyo, kwa hiyo kuna mashine ya ukungu, na wasichana wanapiga magoti wamebanana pamoja, sketi juu ya sketi, ukungu unawapita, muziki wa polepole usioisha, na taa za jukwaa zenye joto kali zinawaka juu yao. Mtu yeyote aliyewahi kubandika karatasi kwa uji utotoni ameshajua kilichotokea. Wanga ulilowana, ukashikana, kisha taa zikaanza kuukausha. Muziki ukapanda, Zuhura akainuka kuwaacha wenzake, na wenzake wakainuka naye. Akaenda kulia, nao kulia. Mmoja akaanguka, akawavuta wawili. Shabani akasema kwa sauti, "Hii ni staili?" Zuhura akavuta kwa nguvu, nikasikia mshono wangu mwenyewe ukiachia, na sketi ikabaki imening'inia kwenye sketi ya mwenzake. Mtoto wangu, yule niliyekataa asivae fupi, akawa amesimama machoni pa nusu ya safu ya mbele ya msikiti na taiti peke yake. Pazia likashushwa. Dakika zake mbili hakuzicheza.

Nyuma ya jukwaa nilimkuta yule mama wa chuo anaongea na mwalimu wao, upole mwingi, anasema msichana wa mbele ana kipaji lakini amekosa utulivu, amewavuruga wenzake, labda mwaka kesho. Anti Filo akaingilia kati: "Kosa ni la mavazi. Mavazi ni yangu." Na mimi, jamani, nilinyamaza. Aibu ya jukwaani ni kicheko, hii ndiyo aibu yenyewe: nilisimama pale na tepu yangu shingoni, nikamwacha Anti wa watu abebe lawama yangu, kwa sababu Shabani alikuwa ameshafika mlangoni anasikiliza. Zuhura hakulia. Alinitazama tu, akasema "Baba," basi, neno moja.

Nikasema. Kwa Kiingereza changu cha kupunguzia suruali nikawaeleza kanzu, Tanga, muhogo, sufuria, mpaka jinsi ya kukoroga. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho (midomo ilikuwa inamchezacheza), akasema basi anataka kumwona binti sasa hivi, chumba cha mazoezi, hivyo hivyo bila sketi, maana chuoni kwao ndivyo wanavyojifunza kila siku. Baba ana pingamizi?

Kila mtu akanigeukia, isipokuwa Zuhura, aliyekuwa ameinama anafunga utepe wa kiatu. Nilijua nikisema ninalo hatabembeleza, atavaa koti lake twende nyumbani, na hataniomba tena kitu chochote maishani.

"Sina," nikasema.

Akacheza. Siku zote nilikuwa natazama pindo, limekaa sawa, halijakaa. Siku ile hapakuwa na pindo la kutazama, nikamtazama mtoto. Sikujua kumbe anaweza vile. Nilijifanya napenga kamasi.

Walimchukua. Anti Filo nilimwomba radhi, akanisamehe baada ya wiki tatu na sambusa nyingi. Nami nimeapa kwamba fundi mwenzangu akiniambia usiongeze kitu, siongezi hata uzi. Siku ya kufunga mzigo wa kozi, nguo zake zilikuwa kitandani zimejikunja, mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe kwenye pasi.

"Baba," Zuhura akasema bila kugeuka, "acha."

Nikaacha.