Mama Mtoto, Kakae na Wanufaika

Mwezeshaji wa semina alitupigisha makofi ya kilo kwa mara nyingine, na mwanangu aliyekuwa amelala kifuani akinyonya akashtuka, akaanza kulia. Mwezeshaji akaninyooshea kalamu yake: "Mama mtoto, hebu kakae kule nyuma na wanufaika. Hapa tunaandaa viongozi."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikasimama, ziwa bado liko nje. "Kaka, hao wanufaika wa misaada yenu ndio walionichagua nije hapa. Wewe kakuchagua nani?"

Hapo hakuna aliyepiga makofi.

Mafuriko yalipoingia kwetu Katindiuka tulikimbilia shule ya msingi. Wandamba wakulima darasa hili, Wasukuma wafugaji darasa lile, wamenuniana kwa ajili ya ng'ombe na mashamba ambayo yote yalikuwa chini ya maji. Mimi na ujauzito wangu ndiye niliyewakalisha pamoja, tukapanga nani apike, nani achote maji, nani alinde unga. Kwa hiyo shirika la misaada lilipotaka mtu mmoja wa kufundishwa, aje kuongoza kamati ya maafa mvua zijazo, wote walinitaja mimi.

Nikaja Ifakara mjini kufundishwa. Kufundishwa nini? Makofi. Makofi ya kilo, makofi ya mvua, makofi ya treni. Ukutani wamebandika "Kiongozi ni heshima", halafu mzee wa watu kutoka Mkula anasubiri shikamoo, kijana anampiga bega: "Niaje, mzee!"

Baada ya chai mratibu wa mafunzo akaniita pembeni, sauti ya asali. "Dada, usikasirike. Siku ya kufunga mafunzo utatoa ushuhuda wa jinsi tulivyokusaidia. Wafadhili wanapenda sana. Mtoto umbebe."

"Na kamati?"

"Kamati na nafasi yako ya mafunzo tutampa kaka mmoja wa hapa mjini. Yeye hana majukumu."

Hana majukumu! Maji yakija huyo atapanda basi la Kidatu kabla hata kuku hawajalowa.

Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka ofisi ya kata. Mtendaji akanipa karatasi. "Andika kwa heshima, binti."

Nikaandika: "Ninalalamikia kuondolewa kwenye mafunzo ya uongozi kwa sababu ninanyonyesha. Naomba nirudishwe, au uitishwe mkutano wa hadhara, walionichagua waelezwe nani kanitoa. Ushuhuda sitatoa."

Akasoma, akakuna kichwa, akagonga muhuri.